Mlango wa Dona Osmarina

Vijana wa manispaa walipokuja na nyundo zao na kugongelea kibao cha buluu kwenye mlango wa Dona Osmarina, majirani wote wa ghuba ya Educandos waliona kibao. Adamor, aliyekuwa amejilaza kwenye wavu wake wa kulalia akichokonoa meno, aliona mbali zaidi. Aliona boti ya kwenda Belém, chumba cha daraja la kwanza chenye kiyoyozi, na yeye mwenyewe ndani yake na glasi ya kitu cha baridi mkononi, huku mji wa Manaus ukipotea nyuma.

Huyu bwana tumjue kwanza. Adamor alizaliwa Cachoeirinha, mwendo wa miguu kutoka hapo, na mama yake alikuwa akiuza mchuzi wa muhogo sokoni. Lakini alishawahi kwenda Rio, akakaa huko muda usiotosha kukausha shati, na tangu siku aliyorudi akawa mtu wa Rio. Alijiita Daktari. Daktari wa nini, hakuna aliyepata jibu, kwa sababu kila aliyeuliza aliishia kununua kitu. Watalii alishawauzia hisa za pomboo wa waridi, na kwa mchungaji mmoja wa mtaa wa Compensa aliuza kiyoyozi ambacho ndani yake kulikuwa na feni ya mezani tu, tena iliyokatika panga moja.

Kuwa mtu wa Rio kuna masharti yake, na Adamor aliyashika kuliko sala. Alivaa viatu vya ngozi juu ya mbao zilizolowa. Alilalamikia joto alilozaliwa nalo. Na zaidi ya yote, hakugusa farinha, zile chenga za muhogo ambazo sisi wengine bila kuzinyunyiza kwenye sahani hatuhesabu kwamba tumekula.

"Chakula cha kasuku," alisema, akikisukuma kikapu cha farinha kando kwa kidole kimoja.

Dona Osmarina hakubishana naye. Alikuwa mjane mnene, mtaratibu, mwenye sauti ya chini, na kazi yake ilikuwa kuwapikia mchana mabaharia na wachukuzi wa bandarini. Nyumba yake ilielea kama zilivyoelea za wenzake wote, juu ya magogo ya mti wa asaku ambayo marehemu mumewe aliyaburuta kutoka msituni wakiwa bado wachumba. Magogo yale yalikuwa yamechoka. Upande wa jikoni ulikuwa umeinama, na boti kubwa ikipita, maji yalipanda kati ya mbao yakamlowesha vidole vya miguu huku anakaanga. Magogo mapya siku hizi yanatoka mbali na bei yake inakausha mate. Asipoyapata kabla ya maji ya mwaka ujao, nyumba ingezama, na nyumba ndiyo ilikuwa jiko lake, duka lake, kitanda chake na kumbukumbu ya mumewe.

"Mama, magogo niachie mimi," Adamor alikuwa akimwambia kila mwezi, badala ya kodi ya ile kona aliyofunga wavu wake. "Nina rafiki kule Anori, mtu mzito sana. Neno langu moja tu."

"Mungu akubariki, mwanangu," Dona Osmarina alijibu, na kumwongezea samaki.

Sasa kibao. Ghuba nzima ilikuwa inavuma kwamba mji utajenga barabara nzuri ya kutembelea kando ya maji, yenye taa na vibanda vya aiskrimu. Nyumba zenye kibao zitaruhusiwa kubaki na kugeuzwa mikahawa, zisizo na kibao zitavutwa zipelekwe kusikojulikana. Kama ni kweli au si kweli, mimi siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba tangu uvumi ule uanze, nyumba iliyooza yenye kibao ilitongozwa kuliko binti wa mwenye duka la dhahabu.

Na mtongozaji mkubwa alikuwa Valdomiro Bastos, muuza feni na simu wa katikati ya mji, mtu ambaye akikupa mkono wa salamu unahesabu vidole vyako baadaye. Adamor alimfuata dukani kesho yake asubuhi, koti la kitani limepigwa pasi.

"Ninayo nyumba," alimwambia. "Ina kibao. Iko mbele kabisa, pale barabara itakapopita."

"Nimesikia pale kuna mjane," alisema Valdomiro, bila kuinua macho kutoka kwenye feni aliyokuwa akiifuta vumbi.

"Yule mpishi."

"Mpishi?"

"Wa marehemu mjomba wangu. Mjomba aliniachia nyumba, na mpishi nimemwachia jiko, kwa huruma tu. Mimi nina moyo laini, bosi. Ndiyo maana sitajirika."

Valdomiro akainua macho, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. Hakuwa mjinga. Alijua kabisa kwamba panya alikuwa anamuuzia jibini la mtu mwingine, na kilichomfurahisha ni kwamba jibini la namna hiyo huuzwa nusu bei.

"Usinieleze zaidi, Daktari," alisema. "Kadiri ninavyojua kidogo, ndivyo ninavyolipa kidogo. Wewe nipe karatasi yenye sahihi. Huyo mjane wako atalia kwa wengine."

"Mpishi, bosi."

"Mpishi, mpishi. Nije lini kupima?"

Alikuja siku ya tatu, na futi kamba na kofia ya majani. Adamor alikuwa amekwisha kumwandaa Dona Osmarina.

"Mama, leo atapita bwana mmoja wa idara ya mbu. Usishangae akizunguka."

Dona Osmarina alikuwa amekaa mbele ya kikaango, samaki aina ya jaraqui wanapasuka ndani ya mafuta. Akamtazama Valdomiro akipima sebule, akipima baraza, akipiga magoti kupima dirisha.

"Mbu wenu siku hizi mnawapima kwa futi kamba?" aliuliza.

"Utaratibu mpya, mama," Adamor akadakia. "Kutoka Brasília."

"Watakuwa wamenenepa kweli."

Valdomiro akajikohoza, akamvuta Adamor nyuma ya ukuta wa mbao. Ukuta wenyewe ulikuwa wa kuzuia macho, si masikio. Sisi watu wa nyumba za maji tunasikia jirani akigeuka kitandani. Lakini hao wawili walikuwa watu wa nchi kavu, na walinong'ona kama wako benki.

"Na huyu? Hatanisumbua?"

"Mpishi huyu anakuja na nyumba, bosi, kama jiko lenyewe. Ukitaka, baki naye. Ukichoka naye, mfukuze. Hana kwao. Nimemweka kwa moyo wangu laini tu, ndiyo maana sitajirika."

"Anapika vizuri?"

"Unga wa kasuku anauweka mwingi. Hiyo utamwachisha."

Siku ile samaki wa Dona Osmarina waliungua upande mmoja. Jambo hilo halikuwahi kutokea tangu awe mjane, na mabaharia walilijadili hadi jioni. Adamor aliyekula samaki wale waliobabuka hakuona chochote, kwa sababu akilini alikuwa tayari anachagua rangi ya sanduku la kusafiria.

Jioni ile Dona Osmarina alikuja akaketi karibu na wavu wake, anajipepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Mwanangu, keshokutwa naenda kwa dada yangu Idalina, kule Careiro. Sikukuu ya Mtakatifu Ana. Utakwenda na mimi au utabaki?"

Adamor nusura aanguke kwa furaha. Alikuwa hajui atamwondoaje, na sasa anajiondoa mwenyewe!

"Nitabaki, mama. Nyumba haiachwi peke yake siku hizi."

"Kweli utabaki na nyumba?"

"Sitaiacha hata dakika moja. Popote itakapokuwa, nami nipo."

Dona Osmarina akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni, na Adamor akacheka naye kwa adabu, bila kujua wanacheka nini.

Siku ya siku ilifika. Adamor alipanda mjini asubuhi, akatia sahihi karatasi iliyojaa mihuri aliyoichonga mwenyewe kwenye soli ya kandambili, na Valdomiro akamkabidhi bahasha nene ya noti za reais. Walikubaliana Valdomiro aje jioni kuchukua nyumba yake, na ubao wa mkahawa wake alikuwa amekwisha kuuandikisha kwa herufi za dhahabu. Boti ya Belém ilikuwa inang'oa nanga alasiri. Kilichobaki ni kuchukua sanduku.

Aliruka ubao wa kuingilia akipiga mluzi, akakuta moto unawaka na Dona Osmarina yupo.

"Mama! Hujaenda?"

"Chombo changu ni cha mchana. Ningeondokaje bila kukulisha? Vua koti, mwanangu, joto hili litakuua. Lete nilitundike."

Na mkono wake ulikuwa tayari kwenye kola. Ndani ya koti mlikuwa na bahasha. Adamor akafikiri haraka, na kufikiri haraka ndiyo kulikuwa kazi yake. Mama alipogeuka kutazama moto, bahasha ilitoka mfukoni na kuzama ndani kabisa ya kikapu cha farinha. Nani angeigusa pale? Farinha ilikuwa chakula cha kasuku. Alimpa koti, akakaa mezani roho imetulia.

Hapo ndipo nilipotamani kumsikitikia. Mtoto wa Cachoeirinha, mama yake muuza mchuzi wa muhogo, anaficha mali yake ndani ya kikapu ambacho katika nyumba zetu mikono yote huingia kabla hata ya kumshukuru Mungu! Alijifanya mtu wa Rio muda mrefu mpaka mwenyewe akauamini uongo wake.

Ukaja mlo. Mbavu za samaki tambaqui za kuchoma, zinachuruzika mafuta. Mchuzi wa samaki na mayai ndani yake. Ndizi za kukaanga. Maji ya matunda ya cupuaçu, yaliyotiwa kachasa, ile pombe kali ya miwa, kwa mkono usio na ubahili. Dona Osmarina alikuwa akimjazia na kumjazia tena.

"Kula, mwanangu. Hujui utakula wapi kesho."

"Kweli kabisa, mama," Adamor alisema, macho yameanza kulegea.

"Jilaze kidogo. Nitakuamsha."

Alijilaza dakika tano tu. Katika dakika hizo tano alisikia injini ikinguruma karibu, lakini Educandos injini hazikomi. Alisikia nyundo, akadhani wanatengeneza kwa Jucileide, jirani. Alihisi nyumba inayumba, akajua ni mawimbi ya meli kubwa. Mara ya mwisho alisikia king'ora cha boti ya Belém, mbali, na katika ndoto yake yeye alikuwa ndani ya boti hiyo, anampungia mkono Valdomiro.

Alipofumbua macho alikuwa anatazama sakafu. Kati ya ubao na ubao mlikuwa na ufa ambao alikuwa ameuzoea, na ndani ya ufa ule, miezi yote aliyoishi pale, maji yalikuwa meusi kama kahawa. Sasa yalikuwa ya rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa.

Mtu wa Rio angegeuka upande wa pili akalala. Mtoto wa Cachoeirinha aliruka kutoka kwenye wavu kama aliyeumwa na siafu. Maji meusi ni ya mto wetu. Maji ya maziwa yako ng'ambo, baada ya pale mito miwili inapokutana.

Alikimbilia mlangoni. Mlango haukuwapo. Palikuwa na tundu la mlango, na ndani ya tundu hilo palikuwa na mto mpana, mafungu ya manyasi yanayoelea, ng'ombe wamesimama kwenye jukwaa la mbao, na mbele, boti ndogo ya kuvuta inayopuliza moshi, kamba yake imefungwa kwenye nguzo ya baraza. Mji wa Manaus ulikuwa ukungu mdogo kule nyuma.

"Umeamka?" alisema Dona Osmarina. Alikuwa anamenya vitunguu.

"Mama! Nyumba inakwenda!"

"Si nilikwambia naenda kwa Idalina?"

"Ulisema unakwenda wewe!"

"Na ulitaka niende na nini, mwanangu? Kwa miguu? Nyumba ina kamba, ukifungua inakwenda. Ninyi watu wa Rio mna mambo. Na wewe si uliapa hutaiacha hata dakika moja, popote itakapokuwa? Nikasema, kijana mwaminifu huyu, nisimwamshe."

Adamor hakuwa na muda wa maneno. Alikirukia kikapu cha farinha, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akakoroga kulia, akakoroga kushoto, akakoroga chini. Chenga za muhogo zilimrukia usoni, zikaingia kwenye nyusi.

"Umeanza kula farinha!" Dona Osmarina akapiga makofi. "Mtakatifu Ana ametenda!"

"Mama. Humu mlikuwa na bahasha."

"Mlikuwa nayo. Ilinikwaruza vidole wakati najinyunyizia. Nikajiuliza, ni nani chini ya jua anayeweka pesa kwenye farinha? Nikakumbuka: ni mwanangu! Aliniahidi magogo, sasa ameona haya kunipa mkononi, asije akashukuriwa. Una moyo laini wewe. Ndiyo maana hutajirika."

Adamor akatoa mdomo wake wote wa kuuzia, ule uliouza pomboo na kiyoyozi, akaufungua. Angesema nini? Kwamba si zawadi? Kwamba ni bei ya nyumba aliyokuwa amesimama ndani yake, mbele ya mwenye nyumba mwenye kisu na kitunguu?

"Na mlango?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Ah, mlango." Dona Osmarina alifuta mikono, akatoa simu kwenye aproni. "Jucileide amenitumia sasa hivi."

Ilikuwa picha. Ghuba ya Educandos, jioni nzuri, na pale ilipokuwa nyumba kulikuwa na maji matupu. Katikati ya maji hayo, juu ya gogo moja bovu lililofungwa kwenye nguzo ya gati, ulisimama mlango peke yake, umefungwa kwa komeo, kibao cha buluu kinang'aa. Na ukingoni, amekumbatia ubao wenye herufi za dhahabu, alisimama Valdomiro Bastos, mdomo wazi kama samaki pirarucu sokoni.

"Yule bwana wa mbu alitaka kibao," Dona Osmarina alisema. "Nimemwachia kibao. Sikutaka aseme nimemdhulumu. Alipima kila kitu, maskini, ila hakupima kamba." Kisha sauti yake ikashuka, na kicheko kikaondoka. "Uliniita mpishi, Adamor. Sawa, napika. Lakini ulisema sina kwetu. Hapa unaposimama mume wangu alipigilia kila msumari, na wewe umekula juu yake mwaka mzima. Hilo liliniuma."

Adamor aliinamisha kichwa. Sidai kwamba alitubu. Alikuwa anatafuta pa kutokea. Lakini alinyamaza, na kwa mtu wa kazi yake hiyo ni hatua.

Kwa Idalina, magogo yalikuwa yanangoja: manne, manene, mapya, yamefungwa kwenye ukingo, na muuzaji wake anatabasamu. Mume wa Idalina, bwana mwenye mabega ya nyati, alimtazama Daktari kwa upole.

"Huyu ndiye aliyetununulia? Mtu mwema! Basi atapenda kuyaingiza mwenyewe."

Viatu vya ngozi vilivuliwa. Suruali ya kitani ilikunjwa. Kwa siku kadhaa mtu wa Rio alikaa ndani ya maji ya maziwa mpaka shingoni, anasukuma magogo chini ya nyumba, huku wanawake wa Careiro wakija na mitumbwi kumtazama na kumpa ushauri. Alipotoka, sakafu ya jikoni ilikuwa imenyooka, na Dona Osmarina alikaanga samaki kwa mara ya kwanza akiwa na miguu mikavu. Alilia kidogo, akasema ni vitunguu.

Adamor angeweza kuondoka. Boti ya abiria ya Manaus ilipita kila alfajiri, na hakuna aliyemfunga kamba. Lakini Jucileide alikuwa anatuma habari: Valdomiro anashinda ghubani na shemeji zake wawili, wanauliza kwa heshima kubwa Daktari yuko wapi, wana zawadi yake. Kwa hiyo kila alfajiri boti ilipopita, Adamor aliitazama kutoka kwenye wavu, akaupa mgongo mto.

Na mto ulikuwa unashuka. Huo ndio msimu wake: kila siku maji yanarudi nyuma, na nyumba inayoelea isiposukumwa kuyafuata, asubuhi moja inaamka juu ya tope na kukaa hapo kama ng'ombe mgonjwa hadi mvua zirudi. Kwa hiyo kila siku, kabla ya kahawa, Dona Osmarina alimletea upondo, ule mti mrefu wa kusukumia.

"Daktari, maji yameshuka."

Na Daktari akashuka topeni, akasukuma. Mwanzoni alisukuma kwa matusi. Baadaye kwa kimya. Siku moja, katikati ya chakula, mkono wake ulikiendea kikapu cha farinha wenyewe, ukanyunyiza, na yeye akaendelea kula kama hakuna lililotokea. Dona Osmarina aliona, akatazama pembeni ili asimwaibishe.

Mwezi wa Septemba akapita mfanyabiashara mmoja kwenye boti ya injini, mtu mnene mwenye miwani ya jua na saa kubwa. Alipunguza mwendo, akaitazama ile nyumba iliyonyooka vizuri juu ya magogo mapya.

"Kijana!" aliita. "Nyumba nzuri hii. Ya nani?"

Adamor alikuwa topeni hadi magotini, upondo mkononi. Aliitazama ile saa. Aliitazama ile miwani. Ulimi wake ukasisimka mdomoni kama mbwa aliyesikia mlango wa jokofu, na jikoni, kikaango kilinyamaza ghafla.

"Ya Dona Osmarina," alisema.

"Inauzwa?"

"Haiuzwi, bosi."

Yule bwana akashusha miwani, akatazama tundu la mlango, lililozibwa kwa pazia la maua tu.

"Na mlango wake uko wapi?"

Adamor akauegemea upondo, akajifuta tope usoni.

"Mlango," alisema, "tulishauuza."